Bangili ya Tarumbeta

Jukwaa la mashabiki liliporomoka kabla mpira haujafika mapumziko, na muda si mrefu ua wa hospitali ukajaa majeruhi. Muuguzi wa zamu aliwapokea getini, akimvisha kila mmoja bangili ya plastiki: nyekundu kwa aliye hoi, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa aliyechubuka tu. Kila bangili ilirusha mawimbi hadi kwenye kompyuta ya mapokezi, ikionyesha mgonjwa yuko wapi na moyo wake unapigaje.

Tarumbeta, kama alivyoitwa mpuliza tarumbeta maarufu wa mashabiki, alipewa ya kijani.

"Kaa hapo kwenye benchi, kaka," muuguzi alimwambia.

"Nikae nina nini? Miguu ninayo!" Akadaka ncha ya machela, akaanza kubeba wenzake.

Baadaye mkewe aliingia mapokezi akihema, kiatu kimoja mkononi.

"Mwanangu, nitafutie mume wangu, Tarumbeta. Mrefu, mdomo hauishi maneno."

Fundi wa kompyuta, dada mwenye miwani, akaandika jina. "Yupo, mama. Yuko chumba cha kufulia."

"Kufulia? Huyo? Nyumbani hata soksi hajawahi kufua! Hiyo mashine yako inadanganya."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Nukta ya kijani ilikuwa imeganda mahali pamoja, na mapigo yalikuwa yakizidi kwenda mbio.

"Nesi!" fundi alimwita muuguzi wa getini. "Huyu hatembei, lakini moyo unakimbia."

Muuguzi alitoka mkuku, mke nyuma yake. Wakamkuta Tarumbeta ameketi sakafuni katikati ya mashuka, jasho likimtiririka, midomo imepauka.

"Nimepumzika tu," alinong'ona. "Nilifuata mashuka."

Muuguzi alimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao. Damu ilikuwa ikivujia ndani. Akambadilishia bangili palepale.

"Nyekundu?" Tarumbeta alijikaza kulalamika. "Hiyo si rangi ya wapinzani wetu?"

"Nyamaza ubebwe," mkewe alisema, machozi yakimlengalenga.

Daktari wa upasuaji alikuta bandama imepasuka, akaiwahi. Tarumbeta alipozinduka asubuhi, mkewe alikuwa amemshika mkono.

"Yule mzee niliyembeba mwisho, je?"

"Kitanda cha pili hapo. Hujamsikia anavyokoroma?"

Tarumbeta akasikiliza, akaanza kucheka, kisha akashika mshono wake na kuguna.