Punje Nne za Shingoni

Dorkas aliletwa kwenye zahanati yetu ya Mhezi, ambako mimi ndiye niliyekuwa mganga, kwa machela, Jumapili mchana, mwaka 1975. Jana yake tu alikuwa ametoka hospitali ya bondeni alikokatwa rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na kukusanyika kama vya mtu anayechota chumvi, na kila pumzi ilikwaruza kooni.

Mumewe, Melkizedeki, alinieleza kwamba mizimu ya ukoo imekasirika. Rovu lilikuwa la bibi, likawa la mama, na Dorkas kaliacha kwenye ndoo ya hospitali. Mimi hasira zangu ziko karibu, na maneno hayo yalinichemsha. Nikamgonga Dorkas shavuni kwa ncha ya kidole, mbele ya sikio, kama tulivyofundishwa chuoni kupima kama chokaa ya damu, yaani kalsiamu, imepungua. Mdomo wake ukaruka upande.

Wabeba machela wakarudi nyuma. Mama mkwe, Eliaichi, alinong'ona kuwa mzimu umejibu, akataka mgonjwa arudishwe nyumbani achinjiwe mbuzi. Wakainama kuinua machela.

Nikaziba mlango. Niliwaambia anayetaka kumtoa anitoe mimi kwanza. Niliogopa, sitaficha, wabebaji wanne, mimi mmoja tena mfupi. Nikaeleza mbiombio kwamba tezi ya shingo haina mfereji kama tezi za mate. Inachotengeneza hukitia moja kwa moja kwenye damu. Nyuma yake zimejibanza tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, nazo ndizo zinazolinda chokaa ya damu. Zikiondolewa, chokaa hushuka na misuli hujikaza yenyewe, ya mikono, halafu ya koo.

Melkizedeki alinitazama. "Si wewe mganga uliyesema usibaki hata mzizi?"

Nilisema. Kabla ya upasuaji nilijigamba mbele yake kwamba rovu ni kama magugu, ukiacha mzizi litaota tena. Naye akamng'ang'ania daktari kwa maneno yangu mpaka likakatwa lote, na punje zile nne pamoja nalo. Aibu ilinishika hapo hapo, lakini haikuwa na nafasi.

Nilikuwa na dawa ya chokaa ya sindano moja tu. Ikiingia haraka, moyo husimama, kwa hiyo niliisukuma taratibu huku macho yangu yako kwenye saa ya ukutani. Midomo ya Dorkas ilibadilika rangi. Melkizedeki alinisihi niharakishe, kisha akaniamuru, kisha akanishika bega. Sikuongeza kasi. Dakika ya saba pumzi ikalainika, na vidole vikaanza kuachiana kimoja kimoja.

Eliaichi aliishukuru mizimu kwa kusamehe.

"Si mizimu, mama," nikamwambia. "Kosa ni langu."

Dawa ile ingemshikilia saa chache tu, na nyingine ilikuwa bondeni, hospitali, mwendo wa kuteremka mlima mzima. Melkizedeki alimgusa mbeba machela wa mbele, akamwambia apumzike.

"Shika hapa, mganga," akasema. "Na wewe utambeba."