Mzazi Kwanza

Mtaa mzima kule Pugu ulikuwa umeshamzoea Mama Yasmini na daktari wake. Tangu bintiye achaguliwe kidato cha tano mchepuo wa sayansi, mama huyu hakuuza kitumbua bila kukisindikiza na habari hiyo. Mteja akikohoa tu mbele ya meza yake, anaambiwa avumilie kidogo, daktari yuko njiani. Basi matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na Yasmini akapata daraja la kwanza, nani angemshika? Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wiki hiyo shule iliwaita wahitimu na wazazi wao ukumbini kabla ya maombi ya vyuo kutumwa. Mwalimu Atuganile, aliyesimamia shughuli hiyo, mwanamke wa Mbeya asiye na mzaha na kazi, alikuwa na utaratibu wake: mzazi kwanza. Mzazi anasimama, anataja mwanawe anataka kusoma nini na kwa nini, kisha mtoto anasema mwenyewe. Wakipishana, wanamalizana hapohapo. Mwalimu alishachoka na watoto wanaoomba kozi za baba zao halafu wanarudi nyumbani mwaka wa kwanza haujaisha.

Mama Yasmini alikuja na jirani yake, Mama Praygod, wamevaa vitenge vya sare kana kwamba wanapeleka posa. Zamu yake ilipokaribia aliinuka kabla hajaitwa.

“Mie wangu anasoma udaktari,” alisema, akihakikisha hata walioko nyuma wanasikia. “Kwa sababu ana akili, na kwa sababu nimemzaa mie!”

Mama Praygod akaachia kigelegele. Mwalimu Atuganile akasubiri kiishe.

“Hongera, mama. Yasmini amesoma masomo gani hapa?”

“Sayansi.”

“Fizikia, jiografia na hisabati. Baiolojia hana, kemia hana. Kwa masomo hayo, mama yangu, udaktari chuo kikuu hawamchukui.”

Ukumbi ukacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Mama Yasmini alikaa taratibu, miaka miwili ya kutamba imemwishia hapo, asimtazame mtu.

Yasmini akasimama. Macho yake yalikuwa kwa mama yake, si kwa mwalimu.

“Mwalimu, kidato cha nne nilifaulu baiolojia na kemia. Naweza kwenda chuo cha kati nikasome stashahada ya utabibu. Chuo kikuu niache tu.”

“Ndicho unachotaka?”

Binti akainamia viatu vyake.

Hapo ndipo Mama Yasmini alipoinua uso. Uchungu wa kuchekwa ulimtoka, ukaingia mwingine mkubwa zaidi. Mtoto huyu alikuwa tayari kukitupa chuo kikuu, na daraja lake la kwanza mkononi, ili mama yake asiaibike mbele ya wateja wa vitumbua!

“We Yasmini,” alisema kwa sauti ndogo. “Usinifanyie hivyo. Unataka nini wewe?”

“Mama, utakasirika.”

“Nikikasirika si nitapoa? Sema.”

“Upimaji ardhi.” Yasmini akavuta pumzi. “Unakumbuka wewe na Mama Praygod mlivyogombania mpaka pale kwenye minyaa? Mlinuniana karibu mwezi mzima wa mfungo. Akaja yule mpimaji na mashine yake ya miguu mitatu, kabla ya adhuhuri kamaliza, na futari mkala pamoja. Mie nilimfuata nyuma kila alipokwenda, namuuliza maswali mpaka akachoka. Nikasema, kazi ndio hii.”

“Na haki ilikuwa yangu!” akadakia Mama Praygod.

“Nyamaza wewe,” alisema Mama Yasmini, lakini naye alikuwa anacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akainuka tena. “Mwalimu, naomba nirudie.”

“Karibu, mama.”

“Mwanangu anakwenda chuo kikuu kusoma upimaji ardhi.”

“Kwa nini?”

Mama Yasmini alimtazama binti yake. Jibu la mwanzo lilikuwa rahisi, alikuwa nalo tayari tangu nyumbani.

“Kwa sababu kachagua mwenyewe,” alisema hatimaye. “Na alichokichagua, nilipochekwa, alitaka kukiacha kwa ajili yangu. Mtoto wa namna hiyo, mwalimu, mie nani hata nimchagulie? Najivunia kumzaa. Basi.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Atuganile alikohoa kidogo, akaivuta kompyuta karibu.

“Haya, Yasmini. Njoo tujaze maombi yako.”

Yasmini hakwenda mara moja. Alikuwa amemkumbatia mama yake mbele ya ukumbi mzima, analia kama mtoto mdogo, na mama yake hakuona aibu hata chembe.