Helikopta Iliyobeba Mtaa

Asubuhi ya mazoezi ya gwaride, fundi alikuwa juu ya helikopta ya mizigo akipaka grisi kwenye mapangaboi. Wanajeshi waliiita Mama Mizigo. Ilikuwa nene, ilivuja mafuta, na mkuu wa kambi alikuwa ameamuru ifichwe nyuma ya ghala isije ikaharibu picha za ndege za kivita.

Mto ulipofurika na maji kuvamia mtaa wa bondeni, ndege za kivita zilipita juu kwa kishindo, zikarudi kambini. Hazikuwa na pa kumpakia mtu. Ndipo alipoitwa rubani wa Mama Mizigo, mwanamke mfupi ambaye shangazi yake aliishi hukohuko bondeni.

"Inaruka?" alimuuliza fundi akikimbia.

"Inanuna tu, kapteni. Ikishika kazi haichagui."

Walimkuta shangazi dirishani, maji yamefika kizingitini. Fundi alimteremshia mkanda.

"Nivuliwe kama samaki?" shangazi alipaza sauti. "Mjukuu ndiyo kwanza amelala. Bebeni nyumba."

Rubani alimjua shangazi yake, hakubishana. Fundi alishuka, akakita ndoano kwenye boriti ya paa. Nyaya zikakazika, nyumba ikang'oka kama muhogo kwenye udongo laini, ikapaa na kuta zake, sakafu yake, na chai iliyokuwa ikichemka jikoni. Mtoto hakuamka.

"Na sisi tuna mgonjwa!" jirani aliita.

Wakarudi. Wakabeba nyumba ya jirani, ya kinyozi, ya mapacha wanaoshona viatu. Watoto walining'inia madirishani wakipunga mikono mawinguni. Rubani, aliyezoea kubeba saruji na mahema, aliimba kwa sauti iliyozidi injini, na fundi akamwitikia.

Nchi kavu ilikuwa moja tu: kilima kilichozungushiwa waya.

"Geuza kidogo," shangazi alikuwa ameelekeza nyumba yake ilipofika ya kwanza. "Mlango wangu ulitazama jua la asubuhi."

Rubani aligeuza. Nyumba ikakaa barabara juu ya msingi wake wa zamani, uliokuwa umefunikwa na majani tangu mtaa mzima ulipohamishiwa bondeni ili kilima kiwe uwanja wa gwaride. Kila nyumba iliyofuata nayo ilipata msingi wake. Jioni watu walikunywa chai vibarazani, wakicheka.

Maji yalipopungua, mkuu wa kambi alifika. Aliwapa pole, akatazama kilima, akasema gwaride liko palepale na nyumba zirudishwe bondeni.

"Ni amri, shangazi," rubani alisema, macho chini.

"Najua, mwanangu. Shusha taratibu, kuna vyombo."

Siku ya gwaride marubani wa ndege za kivita walivishwa nishani. Bondeni hakuna aliyeinua macho kuwatazama. Mchomeleaji alikuwa akifunga pete za chuma kwenye mapaa, nyumba baada ya nyumba, na shangazi alikuwa amemshikia ngazi.

"Kaza vizuri," alimwambia. "Mto haujapewa amri."