Goti la Swala na Ukanda wa Kijani

Mtaani kwetu hakuna anayeyajua magoti kunishinda mimi. Ninayo mawili, na yote yamenishinda.

Basi mjukuu wangu, yule tunayemwita Swala, alipoanza kushuka ngazi kinyumenyume kama kaa, nilimpeleka kwa mtaalamu wa viungo. Kushuka kunamuuma, kuchuchumaa kunamuuma, na akikaa saa nzima, kuinuka ni vilio. Mtaalamu, mama asiye na haraka, akaibonyeza pia ya goti.

"Mfupa mzima. Ila umeongeza mbio ghafla, na mapaja na nyonga havijawa tayari kubeba mzigo. Punguza mbio, acha vilima kwanza, lakini usilale kitandani. Na haya ufanye kila siku."

Akampa ukanda wa mpira, wa kijani, auvute kwa miguu. Akaandika juu yake jina la Swala kwa wino. Baada ya wiki sita, akipona, atampa barua ya kumruhusu kukimbia tena na timu ya kiwanda anakofanya kazi. Bila barua, unahodha wake unakwenda kwa yule Mrefu wa stoo.

Swala akatoka amebinua mdomo. "Bibi, yale mazoezi ya wajawazito. Mimi mwanamume!"

Mwanamume akanunua soksi ya goti, akajipaka dawa ya kuchua mpaka nyumba nzima tukatokwa machozi. Jioni barafu, asubuhi kilima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu wangu ana kipara.

Wiki ya sita nikamsindikiza, maana na mimi nilikuwa na miadi.

"Mazoezi vipi, nahodha?" mtaalamu akauliza, kalamu iko juu ya barua.

"Kila asubuhi, daktari! Hata leo nimeuvuta ule ukanda mara thelathini. Muulize bibi."

"Mimi sioni vizuri, mwanangu," nikasema. "Ngoja nitafute miwani."

Nikakiweka kikapu changu mezani, taratibu. Kishikio chake kilikatika mwezi uliopita, nikakifunga kwa mpira mmoja imara niliouokota chini ya kitanda cha Swala, umejaa vumbi. Wa kijani.

Mtaalamu akautazama. Akamtazama Swala. Akaifunika kalamu.

"Huo... huo ni mwingine," Swala akasema.

"Ndiyo, mume wangu," nikamwambia, nikaugeuza upande wa wino. "Mwingine wenye jina lako."