Chungu cha Mbah Tarmudi

Kabla ya jua kuchomoza, Mbah Tarmudi, yaani Babu Tarmudi kwa Kijava, alikwisha kufunga kilemba chake cha batiki na kukumbatia chungu kipya, mithili ya bwana harusi mwenye mahari. Leo mkewe Sutirah anapasuliwa. Kizazi kilikuwa kimemshuka, hata akashindwa kutembeza kapu la jamu mgongoni, zile dawa za mitishamba alizouza nyumba kwa nyumba na zilizolea watoto wao wote. Makondo ya nyuma ya watoto hao Tarmudi aliyazika mwenyewe mlangoni na kuyawashia taa, kama ilivyo mila. Basi kizazi chenyewe hakitatupwa kama ganda la ndizi. Shimo lilikwisha kuchimbwa.

"Mbah, umetuletea supu?" muuguzi alimtania ukumbini mwa hospitali.

"Adabu, binti! Nimekuja kuichukua nyumba ya wanangu."

Binti yake, Rumini, aliinamisha uso kuficha kicheko.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguka, mzee aliruka kama kijana. Daktari, mwanamke mfupi, alikuwa akitabasamu.

"Mkeo mzima, Mbah. Kazi imekwenda vizuri mno!"

"Alhamdulillahi!" Akanyoosha chungu kwa mikono miwili. "Kitie humu."

"Nitie nini?"

"Kizazi!"

"Kipo tumboni mwake. Kilikuwa kizima, kilicholegea ni vishikizo vyake. Tumekipandisha, tukakishonea kwenye kano imara. Nilimwambia twaweza kukitoa au kukibakiza, na kwamba kikibaki huenda siku moja kikashuka tena, na sharti aje kupimwa. Akachagua kibaki."

Mzee alipigwa na butwaa. Mwenye nyumba ni yeye, na habari hakuipata! Alipoingia wodini alikaza uso.

"Mama Rumini, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Baba Rumini," Sutirah alijibu kwa sauti ya usingizi. "Ulikuwa unachimba."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Tarmudi alijizuia kadiri ya heshima yake, kisha naye akacheka hadi kilemba kikapinda.

"Ila mizigo mizito, marufuku," alionya daktari, aliyemfuata mzee wodini. "Kapu la jamu, basi tena."

Kicheko kikakatika. Macho ya Sutirah yakajaa machozi. "Na wateja wangu je? Nikae jikoni nihesabu kuku?"

Kapu la jamu ni mzigo wa wanawake. Mwanamume akilibeba, kijiji kizima kitatoka vibarazani kutazama. Tarmudi alikitazama chungu, akakinyanyua, akakipachika mgongoni kama kapu, kwa shuka yake ya begani, akakaza fundo kifuani.

"Wewe utatangulia ukiita wateja," alimwambia mkewe kwa ukali. "Na usitembee haraka. Mgongo wangu si wa jana."

"Baba!" Rumini alipiga makofi. "Watakucheka!"

"Wakicheka, wanunue."