Matundu Katika Gazeti

Tangu majani yaanze kupukutika, hakuna gazeti lililomaliza siku likiwa zima nyumbani kwa Kostansia. Lililetwa kibarazani alfajiri, ndani ya mfuko wa nailoni. Na kila Joselyne aliporudi kutoka chuo kikuu jioni, alikuta ukurasa mmoja wa ndani una tundu la mraba, lililokatwa kwa mkasi na mkono usiotetemeka.

Jambo hilo lilimtatanisha kwa sababu moja ya wazi: mama yake hakujua kusoma Kiingereza. Kostansia alizaliwa Burundi, akakulia kambini Kigoma, akaletwa Louisville akiwa mjane mwenye binti mdogo. Kutoka huko walimfuata kaka yake Zenoni mjini Columbus, na hatimaye wakahamia Buffalo, ambako alinunua nyumba ya mbao mtaani Black Rock. Katika safari yote hiyo, Kiingereza alichookota kilikuwa cha kazini, cha kuwahudumia wazee: inua mkono, geuka, pole, tumekaribia kumaliza. Basi gazeti lilikuwa la nini? Joselyne, ambaye pamoja na wenzake chuoni alikuwa ameapa kupinga upotevu wa karatasi, alipopendekeza walikatishe, mama hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria ya maharage.

"Liache lilivyo."

"Mama, halisomwi na mtu."

"Wewe umejuaje kama halisomwi?"

Hapo ndipo shaka ilipoota mizizi. Joselyne alianza kuona mambo ambayo awali yalimpita. Siku za mapumziko, Kostansia alivaa viatu vyeusi na kitenge cha zambarau cha kanisani, ilhali si Jumapili, akatoka akisema, "Nafika hapo mara moja." Mara moja hiyo ilikula mchana mzima. Na aliporudi, alinukia maua.

"Maua?" Mjomba Zenoni alishtuka kwenye simu ya pamoja ya familia. "Mwanamke hanukii maua bure."

"Kaka, usimtie mtoto wasiwasi," alidakia Mama mdogo Leya kutoka Louisville, kisha akamwaga mafuta ya taa mwenyewe: "Ila nasikia kuna magazeti yenye matangazo ya wanaume wanaotafuta wachumba. Yana hata picha. Hayo matundu, Joselyne, yana ukubwa gani?"

"Kama picha ya pasipoti, na nafasi ya mistari michache."

Columbus ikaguna, Louisville ikaguna.

"Basi ni mwanamume," Zenoni akahukumu.

Joselyne aliuthamini ukweli kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo, kesho yake alipiga simu kwenye kampuni ya gazeti akajitambulisha kwa jina la mama yake.

"Sauti yako ni changa sana, Bi Kostansia," alisema mpokea simu, kwa adabu yenye miiba.

"Nimelala vizuri."

"Na sababu ya kusitisha? Umehama? Kuna aliyefariki?"

"Hapana. Hatulihitaji tu."

Gazeti likakoma. Asubuhi ya kwanza Kostansia alitoka na koti juu ya gauni la kulalia, akachungulia chini ya ngazi na nyuma ya pipa la taka. Asubuhi ya pili alisimama dirishani, macho yakiwa yameganda kwenye nyumba ya ng'ambo, ya jirani yao Jovini, Mrundi mwenzao aliyefanya kazi kiwandani.

"Jovini amelichukua."

"Mama! Jovini?"

"Aliazima koleo langu la theluji akalirudisha lina ufa. Mtu huanza na koleo."

Asubuhi iliyofuata akavuka barabara. Joselyne alisikia sauti zao akiwa bado kitandani.

"Jirani, gazeti langu."

"Gazeti? Mama Joselyne, mimi hata barua zangu mwenyewe sizifungui!"

"Nifungulie gari nitazame."

Jovini akafungua milango yote, kisha akainua mikono kama mtu aliyefikishwa mpakani. "Kagua, afisa. Ukikuta chochote, nifunge mimi na gari."

Kostansia hakucheka. Aliinama, akapapasa chini ya viti, na aliponyanyuka mashavu yake yalikuwa yamelowa. Joselyne aliyaona machozi hayo kutoka dirishani, akashuka mbio akiwa na ndala.

"Mama, ni mimi. Nimelikatisha mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani una mwanamume."

Ghafla Jovini akajishughulisha na kufuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nina Charlotte," alisema Kostansia.

Akaketi kwenye ngazi za Jovini, akaeleza. Kule Tonawanda, katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, mtu huingia chumbani asubuhi akakuta godoro tupu. Hakuna anayekupa habari. Ukiuliza, msimamizi anakwambia hayo ni ya familia, na mfanyakazi atakayewafuata ndugu wa mgonjwa atafute kazi nyingine.

"Mtu nimemwogesha, nimemlisha, ameniimbia. Halafu nione godoro, niambiwe niende chumba kinachofuata? Kwetu msiba hauna mwaliko, Joselyne. Picha zao hutoka gazetini, kwenye matangazo ya vifo. Nawatafuta kwa sura, nakata, namwonyesha dereva wa basi, ananishusha. Naketi nyuma. Nawapa wafiwa mkono, narudi." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Jumatatu kitanda cha Charlotte kilikuwa kitupu. Alikuwa ameniomba, siku yake ikifika, nije. Neno hilo nalielewa."

Joselyne akatafuta kwenye simu yake. Tangazo alilipata upesi, na picha yake: msichana wa miaka ishirini hivi, amevaa kofia pana, anacheka kando ya ziwa.

"Huyu siye," alisema mama, akaitazama simu kama mtu anayepimiwa nyama kwenye mizani mbovu. "Hiyo simu yako inanidanganya."

"Jina ndilo, mama. Ni picha ya ujanani. Wanasema aliishi Tonawanda mwishoni. Anaagwa leo, Lackawanna. Ni saa hii."

Jovini alikwisha kuwasha gari. "Pandeni. Mwizi anawapeleka."

Njiani Kostansia aliuminya mkono wa binti yake. "Ukiulizwa, mimi ni jirani yake. Si mfanyakazi. Umenisikia?"

Ukumbini watu walikuwa wachache, na jeneza lilikuwa wazi. Mwanamume mwenye mvi aliyesimama karibu na mlango aliwatazama kama watu waliokosea nyumba.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza, "mlimfahamu mama yangu?"

"Mama yangu alikuwa jirani yake," alisema Joselyne.

"Jirani wa wapi? Mama aliuza nyumba yake zamani." Macho yake yalishuka kwenye ndala za Joselyne, yakapanda hadi kwenye mkoba wa Kostansia, yakabaki hapo.

Lakini Kostansia alikuwa ameshawapita, yuko mbele. Aliinama juu ya jeneza. "Ndiye," alinong'ona, kisha uso ukamkunjamana. "Nani amemchana hivi?"

Nywele nyeupe zilikuwa zimelazwa nyuma zote, na kwenye paji la uso lilionekana kovu refu.

"Hataki lionekane. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, ananiomba nilifunike. Mwambie mwanawe."

"Mama, nikimwambia hivyo atajua unafanya kazi wapi."

Kostansia alimtazama Charlotte, si binti yake. "Mwambie hivyohivyo."

Joselyne akatafsiri, neno kwa neno, bila kupunguza kitu.  Yule mwanamume akaitazama mikono ya Kostansia, iliyopauka kwa maji na sabuni, kisha kovu. Akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa kitana kidogo, akakiweka katika kiganja cha Kostansia. Hakuuliza tena ni jirani wa wapi.

Kostansia akachana polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, akilaza nywele kwa kidole mpaka kovu likapotea.

"Pole," alimwambia kwa Kiingereza chake cha kazini. "Tumekaribia kumaliza."