Simu Zilizoshiba

Jumapili mchana, watoto watatu walimpeleka mama yao mgahawani. Alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo, na daktari alisema asiishi peke yake tena. Walikwenda kula na kuamua ataishi kwa nani. Mama alivaa gauni lake la kutokea, akanawa mikono, akaketi kusubiri mmoja wao aseme, "Njoo kwangu."

Katika familia hiyo hakuna aliyegusa chakula kabla kifungua mimba hajakipiga picha. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na ofisi yake, lakini aliinama juu ya samaki kama fundi saa. Dada yake naye alitaka picha yake. Kitinda mimba alikuwa akicheza mpira kwenye simu, ligi ya watu wasiokuwapo, na bao lilimfurahisha kuliko mama kupona.

Kifungua mimba alisogeza simu karibu zaidi ili apate na mvuke. Simu ikafungua mdomo chini ya kioo, ikamnyofoa samaki shavu.

"Yako imeanza," dada yake alisema, akaisogeza yake kwenye wali.

Mhudumu aliyaona haya kila Jumapili. Alileta visosi vitatu, akauliza kama simu zinakula pilipili.

"Yangu usiipe," binti alisema. "Inaharisha."

Zilikula vibaya mno. Zilitafuna midomo wazi, mafuta yakachuruzika kwenye vioo, punje za wali zikanasa kwenye matundu ya chaja. Ile ya mpira ilitema miiba mezani, ikalamba mchuzi uliomwagika, kisha ikairudia miiba. Kilikuwa kinyaa cha kumfanya mtu ajute kuwa na tumbo. Wenyewe walivifuta vioo kwa kidole, wakalamba kidole, wakaendelea kutazama.

Mama alinyoosha mkono kwenye sahani yake. Simu ya binti ilikuwa imeshafika, na sahani ilikuwa na mate.

"Wanangu, nilitaka kuuliza..."

"Kidogo tu, Mama," kitinda mimba alisema. "Nina penalti."

Akasubiri penalti. Ilipopigwa, simu zilikuwa zimeshiba na watu wamesimama. Kila mmoja aliilaza yake begani, akaipigapiga mgongo taratibu, vilevile Mama alivyokuwa akiwafanyia wao baada ya kunyonya. Ya kifungua mimba ilicheua kwenye kola ya shati lake.

"Pole, mpenzi," aliiambia, akaifuta kwa leso. Wakatoka, gari likaondoka.

Mhudumu alimletea Mama chai na mkate.

"Unakwenda kwa nani sasa, Mama?"

"Bado hawajasema."

Chai ilikuwa haijapoa binti aliporudi akihema. Mama aliushika mkoba wake, akaanza kunyanyuka.

"Afadhali bado upo," binti alisema. "Nisogezee hiyo chaja."

Mama aliiokota kati ya miiba, akaipangusa kwa gauni la kutokea, akampa.

"Mwanangu, nakwenda kwa nani?"

"Tutaandika kwenye grupu, Mama. Utaona."

Akaondoka mbiombio, kwani simu yake ilikuwa inalia garini, ina njaa tena. Mama, ambaye hakuwa na simu, aliketi. Mhudumu akapangusa meza, akimwinua viwiko kimoja kimoja.